Sahani Zilizozidi

Alikuja kwa ajili ya goti.
Goti la kushoto, lililotambaa miaka ishirini na sita
katika mashimo ya Kozlu, pale makaa yanapoufuata mwamba
mpaka chini ya Bahari Nyeusi.

"Dawa ya kuchua tu, daktari," alisema Dursun,
kofia mkononi, mvua ikimdondoka mabegani.
Nikamwandikia. Nikamtoa damu pia,
kichupa kimoja chenye kifuniko cha zambarau,
kwa mazoea tu, kama mpita njia atupavyo jicho
kwenye sufuria ya jirani.

Jioni majibu yakaja.
Chembe nyekundu, shwari. Nyeupe, shwari.
Chembe sahani: mia tatu themanini na tisa.
Mashine haikuweka nyota. Kwa mashine
mpaka ni mia nne hamsini,
na aliye ndani ya mpaka ni mzima.

Gülizar alikwishazima taa za ukumbini.
Nami ningelifunga faili, kama nilivyolifunga la Yaşar
mwaka juzi: mia nne na kumi. Nikasema mafua.
Hayakuwa mafua.

Basi nikafukua.
Mwaka jana: mia tatu na kumi.
Mwaka wa kabla yake: mia mbili arobaini na saba.
Kila moja peke yake haina kosa.
Zipange, utaona zinapanda ngazi.

Nani anaandaa sahani zote hizi
katika nyumba ya mtu mmoja?
Anatarajiwa mgeni gani
ambaye hajapiga hodi,
hajakohoa hata mlangoni?

Najua, damu ina sababu zake.
Chuma kikipungua, sahani huongezeka.
Hata jino bovu huziongeza.
Wingu dogo si mvua,
ila mwenye nguo kambani hutazama juu.

Nikampigia simu. "Sikohoi!" akafoka.
"Najua."
"Sigara niliacha alipozaliwa Serhan."
"Najua. Njoo upigwe picha ya kifua."
Kimya. Nikasikia kijiko kikizunguka
kwenye bilauri ya chai, kikizunguka,
sukari imeyeyuka zamani.

Jina lake, kwa lugha yetu, ni ombi: *na abaki*.
Mama yake alizika watatu kabla ya kulitamka.

Pafu la kushoto, juu, milimita kumi na moja.
Punje ya dengu.
Mgeni alikuwa ndani tayari, amekaa,
ila hajavua viatu.
Walimtoa Ankara, mwezi wa tatu,
pamoja na kipande cha chumba alichokalia.

Juni wakanialika.
Hacer akapanga sahani huku midomo ikihesabu.
Watu tulikuwa watano.
Sahani, sita.

"Yaşar alizoea kukaa hapo," Dursun akaniambia.
"Zamu moja, shimo moja. Mkono umezoea, hausahau."
Akaisogeza ile ya sita karibu nami
ili niwekee mifupa ya samaki.

Sikusema kitu.
Nikamega mkate.