Rangi Milioni Kumi na Sita

Ashuza aliileta mchana, ameifunga ndani ya kitenge cha mama yake
kama mtu anayepeleka mtoto mwenye homa dispensari.
Dola elfu moja na mia tisa, akasema, kabla hata ya kusalimu.
Harusi thelathini na moja, nikahesabu mimi,
maana ndiye anayepiga video za harusi Kadutu na Bagira,
na nilishamwona amening'inia juu ya meza ya keki
kwa ajili ya mashine hii.

Nikafungua kitenge.
Kifuniko cheusi, nembo ya mnyama anayeng'ata hewa.
Bawaba ya kushoto imepasuka. Miezi minne.
Mashine ya kuchezea vita, nikamwambia,
imeuawa na kufunguliwa na kufungwa.
Hakucheka.

Na hiyo bawaba ndiyo habari njema.
Ili ubadili rangi za vitufe, lazima uingie kwa jina na neno la siri.
Ili uingie, lazima usasishe programu.
Ili usasishe: giga mbili na nusu,
na mega hapa tunazinunua kama chumvi, kijiko kijiko.
Alinunua. Akakesha nazo siku tatu,
umeme ukija na kuondoka
kama mgeni asiyekumbuka nyumba anayoitafuta.
Programu iliposasishwa, feni ikanyamaza.
Haikuvunjika, nielewe vizuri.
Programu ilisahau tu kwamba kuna feni.

Akawaandikia wenyewe.
Wakamuuliza nchi. Orodha ikashuka:
Komoro,
Kosta Rika.
Akapanda, akashuka tena, kidole kikisita
kama cha mzazi kwenye orodha ya waliofaulu.
Hatumo. Akachagua Ubelgiji.

Jibu lilifika kwa dakika moja: Asante kwa subira yako.
Wiki ya pili: Je, umejaribu kuizima na kuiwasha?
Anaishi Bukavu, jamani.
Snel humzimia na kumwashia mara sita kwa siku, wala haombi.
Wiki ya tano: Modeli hii ni ya zamani, hatuihudumii tena.
Ya zamani!
Kibandiko cha bei bado kiko chini ya tumbo lake,
pembe zote nne zimeshika.

Nimepasua vitu vingi katika kibanda hiki cha Nyawera.
Ndani ya huyu nilikuta skrubu zinazong'ata plastiki tupu,
na dawa ya kupozea imepakwa nyembamba
kama siagi kwenye mkate wa msibani.
Nyuma yangu, chini ya rafu, kuna kompyuta ya kijivu ya parokia.
Miaka kumi na minne inachapa vyeti vya ubatizo.
Haijui rangi. Haijawahi kuniuliza jina langu.

Nilifanya niliyoyaweza.
Bawaba niliikata kutoka kwenye kipande cha sufuria.
Feni nikaiunga moja kwa moja, izunguke bila kungoja ruhusa ya mtu;
inavuma kama mvua ya Novemba juu ya bati.
Programu nikaing'oa na mizizi yake,
na rangi zikagoma palepale zilipokuwa: nyekundu.
Sandukuni waliandika milioni kumi na sita.

Amelipa nusu.
Nusu nyingine ni harusi ya Jumamosi,
bibi harusi asipoghairi.

Jioni nilipanda ngazi za Cimpunda kumpelekea
skrubu mbili zilizobaki mezani kwangu
(fundi yeyote anayesema hajawahi kubakiza, mwogope).
Umeme ulikuwa umekatika.
Betri, dakika kumi na moja, akaniambia Ashuza,
na hakuwa anacheza.
Nabintu, mdogo wake, amelaza daftari juu ya vitufe,
anajisahihisha hesabu kwa mwanga ule mwekundu, feni ikinguruma,
uso wake kama wa mtu aliyeketi karibu na jiko.
Akaniita nione.
Kalamu nyekundu ya mwalimu, fundi, hapa haionekani kabisa.
Tazama.
Sijakosa hata moja.