Soksi Isiyo Yetu

Dada Nakijwa alitua Jumanne, mikono mitupu,
amevaa sweta la sufu kwenye joto la Februari,
na kikaratasi chenye namba ndefu
alichopewa dirishani na binti mwenye usingizi:
"Mzigo umebaki Amsterdam, mama. Utakuja."
Utakuja! Kama mgeni aliyetanguliza salamu.

Sanduku lilikuja Jumamosi,
limekaa peke yake nyuma ya bajaji,
kamba imelizunguka kiunoni,
dereva akidai nauli ya mtu mzima.
Nilimlipa. Lilikuwa limetembea kuliko mimi.

Mimi ni dobi, Tabata Kimanga, mwaka wa kumi na tisa.
Watu huniletea nguo, na nguo haitunzi siri:
kola husema, kwapa huitikia.
Basi sikumuuliza dada yangu habari za Ujerumani.
Nilifungua zipu.

Gurudumu moja limeliwa hadi mfupa.
"Ni barabara zao za mawe," anasema toka jikoni,
mawe madogo yamepangwa kama meno,
saa kumi alfajiri sanduku linapayuka mtaa mzima
mpaka babu mmoja akafungua dirisha,
akatazama, akafunga.

Blauzi ya kijani ina mistari mitano mgongoni, rangi ya chai:
aliifua kwenye sinki la hoteli kwa sabuni ya kuogea,
akaianika juu ya bomba la moto la ukutani.
Siku tatu. Siku tatu, na kwapani bado mbichi!
Hapa kwetu ukianika kanga saa nne,
saa tano unaikunja.

Mfukoni mwa koti, tiketi imelowa ikakauka kama kaukau.
Hapo ndipo aliponifuata uani, akavuta ndoo, akakaa.
Treni yao, anasema, ina tabia ya mjusi:
ikifika kituo fulani inakata mkia.
Kwaya yote ya Kurasini ilikuwa kichwani,
yeye mkiani, amesinzia, amekumbatia daftari la nyimbo.
Kuzinduka, kichwa kimeshakwenda kanisani,
na mkia unamshusha mji wenye jina kama kikohozi.
Siku hiyo sauti ya pili aliiimba mwalimu Zefania, kwa kukumbuka,
"kama beberu amefungiwa nje," anasema,
anacheka mpaka ndoo inalia.

Halafu yale majoho kumi na moja.
Yalikwenda meupe. Niliyapiga pasi mwenyewe,
pindo ungeweza kukatia uzi.
Yamerudi samawati, samawati ya anga lililochoka.
Mashine ya kutumbukiza sarafu, maji ya nyuzi tisini,
na katikati yake batiki ya mama mchungaji.
Euro tisa, sabuni mbali.
Nikapiga hesabu kwa vidole vilivyolowa:
hiyo ni kazi yangu ya siku mbili,
na mimi sijawahi kumrudishia mtu rangi asiyoileta.
"Wenyeji walipiga makofi," anasema.
"Walidhani ndivyo tunavyovaa."
Hapo hakucheka. Nami nikasuuza tu.

Chini kabisa, ndani ya kiatu cha kushoto,
soksi ya mtoto. Njano, ina bata.
Si yetu. Kwaya haikuwa na mtoto.
Iling'ang'ania kwenye tumbo la ile mashine,
ikajificha kwenye joho, ikapanda ndege bila pasipoti.
Kuna mama huko, sijui mji gani,
ameshika bata mmoja,
amepiga magoti anamtafuta wa pili uvunguni.

Nakijwa anasema nitupe.
Dobi hatupi.
Nimeifua kwa mkono, nimeigeuza nje ndani,
nimeibana kwenye kamba kati ya majoho ya samawati,
na kabla ya adhuhuri bata alikuwa mkavu.
Nimemshonea uzi mwekundu, kama nguo ya mteja yeyote,
nikaandika daftarini: namba mia moja na nne.
Jina, sijui. Malipo, bado.
Atakuja.