Shanga za Suhar

Zuwena anadondosha tone, tone,
uteute wa mwani kwenye maji ya kalsiamu.
Kila tone linaganda, linakuwa ushanga;
ndani yake kimeng'enya, kimefumbatwa na polima.

Jana kilikuwa huru. Kilikata sukari ya maziwa
mara moja tu, kikamwagwa na maji ya kuoshea.

Mama yake, aliyeletwa Suhar kwa ndoa
na Kiunguja chake kisichoisha chumvi,
amekuja na chupa ya kahawa. Anachungulia.
"Umemfungia?"
"Ni wavu tu, mama. Maziwa huingia, hutoka. Yeye habebwi."
"Na akichoka?"
"Hachoki. Hufanya kazi, hubaki yuleyule."

Kiyoyozi kinanguruma. Nje nyuzi arubaini na sita.
Mama anahesabu kwa vidole miaka ya jiko lile:
masufuria, mawifi, watoto tisa,
yaliyoingia, yaliyotoka.

Siku ya kumi na mbili Zuwena anaziosha shanga, anapima.
Bado zinakata.

Mama, ambaye maziwa humvuruga tumbo tangu utotoni,
anamaliza gilasi nzima, anajifuta mdomo.
"Yuleyule?" anasema. "Labda.
Muulize vizuri."