Mizani ya Pweza

Aliyeliona kwanza si daktari.
Ni fundi Chikoyo, mshona kanzu wa Mikindani,
futi shingoni, pini tatu mdomoni:
"Mfaume, bega la kulia limeshuka kidole kizima.
Unabeba nini wewe?"
Sibebi kitu, nikasema. Narusha.

Ghubani, maji yakijaa, tunacheza polo,
saba kwa saba, marufuku kukanyaga chini,
magoli ni madumu ya bluu yaliyofungwa kwa matofali.
Mrushaji ni mimi. Mpira ukinifikia,
golikipa wa Lindi hufumba macho kwanza
ndipo anyooshe mikono.
Mkono huu umenunuliwa soda. Umebebwa juu juu.
Sasa usiku hauwezi kuvuta shuka.

Bi Somoe wa viungo, kule Ligula, hana mashine.
Ana mizani ya kuning'inia
aliyoazima kwa wauza pweza, bado inanuka.
Akanifunga kiwiko mbavuni kwa khanga,
akanipa ndoana: vuta kuelekea tumboni.
Kumi na nane. Nikatabasamu.
Sasa vuta nje, kama unafungua mlango.
Mshale ukatetemeka, ukafika nane,
ukakaa hapo kama mgeni asiyekaribishwa.
Wa kushoto, mkono wangu mvivu,
kumi na mbili ndani, tisa nje.
Mvivu, lakini nyumbani kwake kuna amani.

"Umelisha injini," akasema, "breki umezinyima.
Kila ukirusha, kuna misuli midogo nyuma ya bega
inakimbia kuuzuia mkono usiondoke na mpira.
Imechoka.
Nani amewahi kuipigia makofi?"

Wiki kumi na mbili.
Nisirushe hata jiwe kumfukuza kunguru.
Ukanda wa tyubu ya baiskeli, nondo ya dirisha,
kiwiko mbavuni, fungua, rudisha polepole,
kumi na tano, pumzika, kumi na tano.
Zoezi lisilo na bao.
Jumamosi nashika saa ufukoni,
naandika magoli ya wenzangu kwa kalamu inayovuja.

Baba alikuwa ananitazama kutoka mkekani.
Misimu ishirini na sita bandarini, magunia ya korosho,
bega lile lile la kulia,
kwa sababu la kushoto halikuwahi kuulizwa.
Siku moja nikaazima mizani, nikaileta nyumbani.
Akacheka. Akavuta ndani: ishirini na moja!
Akavuta nje.
Tukausubiri mshale.

"Mizani mbovu hii," akasema,
akiitazama ndoana kama mtu aliyekuta jina lake
kwenye barua ya jirani.
Sikumjibu. Nikatafuta mkasi,
nikakata ukanda wa pili.

Idi ilipofika nikaitoa kanzu.
Fundi Chikoyo, kwa kunisitiri, aliikata mshazari
ili kasoro yangu isionekane msikitini.
Sasa bega limepanda, kanzu ndiyo iliyopinda.
Nikaivua, nikampa baba.
Ikamkaa kama aliyepimwa ni yeye.

Alisimama mbele ya kioo, akageuka huku, akageuka huku,
akajipangusa bega lisilo na vumbi.
"Usiizoee sana," nikamwambia.
Nyuma yake, kwenye nondo za dirisha,
kanda mbili nyeusi zilikuwa zinaning'inia.