Nguoni

Mama alijua kwa sikio.
Miaka thelathini na mitatu katika kiwanda cha pamba, Tampere,
mitambo mia mbili ikinguruma ukumbi mmoja,
na uzi ukikatika kwenye ule wa nne kutoka dirishani
yeye ameshafika, kidole kimetangulia,
kabla nguo haijapata jeraha.

Kwa hiyo Februari ile, usiku, aliponiita
hakusema anaumwa.
Alisema: "Irmeli, mtambo unaruka."
Nikaweka kiganja kifuani pake.
Mbili. Moja. Kimya,
kimya kirefu kama cha mtu aliyesahau jina lako,
kisha tatu kwa pamoja, zikisukumana mlangoni.

Moyo ulikuwa umechoka tangu kiangazi.
Maji yalipanda miguuni, yakafika magotini;
akapewa kidonge cha kuyatoa,
naye akawa mtu wa chooni,
saa mbili, saa tatu, saa nne kasorobo,
akicheka: "Ziwa zima linapita kwangu."
Miguu ikanywea. Viatu vikamwenea tena.
Tulishukuru. Hatukuuliza
maji yakitoka yanatoka na nani.

Yalitoka na potasiamu.
Daktari Vehviläinen alituchorea nyuma ya bahasha:
chembe ndogo, bawabu wa kila pigo.
Damu ya mama ilikuwa na mbili nukta nne
palipotakiwa nne.
"Kwa moyo mzima ni hatari," alisema.
"Kwa moyo kama huu..."
Akafunika kalamu.

"Anakula nini?"
Nikataja vyote, kwa fahari ya mwanafunzi wa mbele:
viazi, samaki, mkate mweusi, uji,
chumvi kidogo kama mlivyoagiza.
"Kidonge peke yake hakielezi pengo hili. Fikiri tena."
Muuguzi alikuwa akikunja joho la mama la kuogea,
lile la kijani. Mfukoni kitu kikachakarika.
Pakiti. Nyingine. Ya tatu.
Salmiaki: peremende nyeusi za urukususu,
chungu, chumvi, tamu, zenye kung'ang'ania meno.

Mchovya asali hachovyi mara moja;
mama alichovya tangu Septemba.
Urukususu huinong'oneza figo:
mwaga potasiamu, bana chumvi.
Kidonge kikivuta, peremende ikivuta,
mtande na mshindio, na katikati
moyo.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Methali haisemi nani alikitia.

Kila Ijumaa, nikitoka kazini, duka la kona karibu na daraja,
pakiti mbili. Mimi.
Kwa kuwa chumvi tumemnyima, kahawa tumemnyima,
sauna tumempimia kwa dakika,
na uso wake akifungua pakiti ulikuwa
uso wa msichana wa zamu ya kwanza siku ya mshahara.

Nilimwambia usiku wa pili. Nyaya kifuani,
potasiamu ikidondoka kutoka kwenye mfuko,
polepole, kwani ikikimbizwa nayo huua.
Hakufumbua macho.
"Wewe ulileta, mimi nilitafuna.
Lini uliazima meno yangu?"
Kisha akanyamaza, akisikiliza
si mimi, si mashine,
bali kile chumba cha ndani
chenye mtambo mmoja uliobaki.

Alfajiri namba ikafika tatu nukta tatu.
Mistari ya kijani ikatulia, ila pigo moja
likaendelea kujikwaa mara kwa mara
kama mgeni na kizingiti.
"Wa nne kutoka dirishani," akasema.
"Mwacheni. Huyo nimemzoea."

Leo ni Ijumaa. Nimepita duka la kona.
Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye rafu nyeusi,
nikauita, ukarudi.

Mfukoni mwa joho la kijani
nimemtilia plamu kavu, tatu.
Amezikuta. Ametafuna moja, taratibu,
akanitazama
kama mtu aliyelipwa pungufu.