Bia Nyekundu ya Novemba

Chupa ni ya tatu katika sanduku la Oisín Kehoe,
aliyegeuza banda la maziwa la babu yake kuwa kiwanda
na kila mwaka, shayiri ikishaingia ghalani,
hupika bia moja nyekundu, mapipa kumi na mawili, basi.
Lebo kaibandika kwa mkono, imekaa upogo.
Naiweka mezani, kati ya chumvi na bili ya umeme.

Fintan kaka yangu anasogeza kiti.
Tangu ile homa ya mwaka juzi
pua yake ni mlango uliotiwa komeo.
Vitunguu, dizeli, sabuni, mbwa aliyelowa mvua:
vyote kwake ni hewa, hewa isiyo na jina.
Mtu aliyeendesha lori la nafaka miaka thelathini na mmoja,
akijua kwa kunusa tu mzigo wa nani umeingia unyevu.

"Fungua," ananiambia, "halafu useme."

Nafungua. Kizibo kinakimbilia chini ya jiko.
Naiinamisha bilauri, namimina taratibu,
kama mama alivyotufundisha kumimina
chochote chenye hasira.
Rangi, naanza, ni shaba ya sufuria kuukuu
iliyosuguliwa upande mmoja.
Povu la kidole kimoja, kama sufu ya kondoo kabla haijaoshwa.
"Rangi naiona mwenyewe, Dympna. Macho ninayo."

Haya.
Nanusa. Nanusa tena.
Kuna mkate.
"Mkate gani?"
Ganda la mkate, lile la chini, lililoshika bati.
"Umeungua?"
Ulikaribia kuungua, ukaokolewa.
"Na nani?"
Na wewe, ukiwa na miaka tisa, bila kitambaa.
Anakitazama kidole gumba chake,
pale penye baka, muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Naonja.
Hapa ndipo maneno yanaponitoroka
kama kuku waliosikia mgeni anabisha hodi.
Tamu kwanza, ila si tamu ya sukari,
ni ya karoti iliyokaangwa polepole kwenye siagi.
Kisha majani makavu. Kisha chai iliyosahauliwa dirishani.
Kisha nyuma kabisa, karibu na koo, chuma.
"Chuma?"
Sarafu. Ulivyokuwa ukiificha mdomoni ile ya sadaka
njia nzima hadi kanisani, isipotee.

"Hiyo naikumbuka," anasema,
na anainua bilauri yake,
anaizuia bia kinywani, macho kayafumba,
kama mtu anayesikiliza simu yenye mikwaruzo.

"Baridi," anasema mwishowe. "Na inachomachoma.
Na uchungu, hapa, pembeni mwa ulimi."
Uchungu upo. Umeupata.
"Mwingi?"
Wa kiasi. Wa jirani anayedai deni lake kwa adabu.

Mvua ya Carlow inapiga paa la banda la baiskeli.
Mto Slaney, walisema redioni, umefika ngazi ya pili.
Nachukua daftari la maziwa la baba,
lenye safu ya tarehe na safu ya lita,
naandika: mwepesi kidogo kifuani, huaga mapema,
machicha chini ya chupa, lakini harufu ya kimea ni ya kweli.
Saba kwa kumi.
Kesho Oisín atapita kuchukua chupa tupu
naye atajifanya hajali tumesema nini.

Fintan ananipokonya kalamu.
"Saba ni ubahili."
Chini ya mwandiko wangu anaandika wake,
herufi kubwa za mtu wa stakabadhi za mizigo:
BARIDI. UCHUNGU WA KIASI. DADA ANASEMA MKATE.
Anaweka nane. Anafikiri. Anaikata,
anaweka saba na nusu.

Muonja asali haonji mara moja, namwambia,
nifungue ya nne?
Anatikisa kichwa. Zamu ya vyombo ni yake.
Kwenye sinki anaitia pua ndani ya bilauri tupu,
kama afanyavyo kila usiku kwa kikombe, kwa sahani, kwa kitambaa,
anangoja,
kisha anafungua bomba.