Kiwiko

Kadi ilikuwa moja, wachezaji wawili:
Orlin Matos wa Kusini, gongo begani,
na Dewey Stancil wa Kaskazini, mrushaji,
mkono umekunjwa, mpira umefichwa kwenye glavu.
Wamegusana migongo, hawatazamani.
Juu yao, kwa dhahabu ya bei rahisi:
WATANI WA JADI.

Pakiti tulichangia, mimi na Algis,
kwa senti za chupa tulizookota
uchochoroni nyuma ya kiwanda cha soseji.
Chingamu ya ndani ilikuwa ngumu kama kigae.
Unga wake haujatoka hadi leo:
nikifungua kopo la biskuti ninamoziweka,
pua inapiga chafya kabla macho hayajaona.

Tulikaa Bridgeport, kusini mwa Chicago,
ambako mtoto hubatizwa mara mbili,
kwanza kwa maji, kisha kwa kofia nyeusi.
Baba alirudi akinuka moshi na kitunguu saumu,
akawasha redio kabla ya kuvua viatu.
Na jioni moja Algis, miaka tisa, mdomo umejaa,
akatangaza kwamba yeye ni wa Kaskazini.
Sababu hakutoa.
(Mimi niliijua: aliona picha ya uwanja wao,
ukuta ulioota majani, akadhani
mpira ukipotea mle unakuwa tunda.)

Baba hakupaza sauti.
Alichukua bakuli la mwanawe, supu ya bitiruti,
akaliweka nje kwenye ngazi za nyuma.
"Kaskazini ni kule. Kula ukiitazama."
Algis akala.
Akaomba nyongeza.

Sasa kadi ni moja na sisi ni wawili.
Tulizozana siku tatu, hadi mama
akatupatia mkasi wa kushonea na kutufukuza jikoni.
Niliyekata ni mimi, nakiri.
Lakini mkasi ulikuwa butu,
na mkono wa miaka kumi na mmoja una siasa zake.
Ukapinda.
Matos akabaki kwangu mzima.
Stancil akaenda kwa ndugu yangu
bila kiwiko.

Tangu hapo, kila watani wanapokutana,
iwe mechi ya hisani, iwe ya ligi,
simu hulia, hakuna salamu:
"Nirudishie kiwiko changu."
Alilisema siku ya harusi yangu, badala ya hotuba.
Alilinong'ona kaburini, udongo wa baba ukiwa bado mbichi:
"Mzee sasa hasikii. Kiwiko."
Nikacheka mbele ya padri,
na shangazi zangu hawajanisamehe.

Mwaka juzi, dukani kwa Ocampo, barabara ya Archer,
niliiona kadi ile nzima, ndani ya plastiki,
dola themanini.
Nikaishika. Pembe zake kali, rangi haijafifia.
Nzuri, lakini haikutujua.
Nikairudisha, nikanunua mifuko ya kuhifadhia kadi
ili nisionekane nimekuja kushangaa tu.

Februari, kiharusi kilimpitia Algis.
Nacho kilikata kwa mkasi butu:
mguu kikauacha, mkono kikauchukua,
na maneno yake sasa huja moja moja
kama abiria wa treni ya mwisho.

Julai imefika. Watani wako uwanjani.
Awamu ya tatu, simu kimya.
Ya tano, nimeosha vyombo vilivyo safi.
Ya saba, ikalia.
Nilisikia pumzi, na nyuma yake redio,
mtangazaji yuleyule, amechelewa nusu sekunde.

"Ki," akasema.
Nikangoja. Kusini walikuwa na wakimbiaji wawili vituoni.
"Wi."
Mtu akapiga mpira, watu wakainuka, sijui uliangukia wapi.
"Ko."

"Njoo ukichukue," nikamjibu, kama kila mwaka,
na mguu wangu ulikuwa tayari
unapapasa viatu chini ya meza.